Kisha pudre, nini? Maneno yetu kwa wanafunzi wa biashara, Butembo

Haya ni maneno tuliyosema mbele ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa biashara, kontabilite na usimamizi, wenye wanajitayarisha kwenda staji. Tumeyaweka hapa juu ya wale hawakuweza kufika. Hatukuyasafisha sana, tumeyaacha vile yalisemwa.

Kamaradi, ndugu na dada, asante kwa kufika. Tunajua wengine mulitoka Bulengera na Vulamba kwa miguu, juu moto iko bei na mvua imenyesha tangu asubui. Tuliahidi saa moja. Tutajaribu kuheshimu, hata kama munajua vile sisi wanaharakati tuko: tukishika mikro tunasahau saa.

Tuanze na pudre. Kila mwaka, siku fakilte inatangaza matokeo, muji wote unajua. Moto zinapiga honi, mama wanacheza mbele ya lango, mutu anamwagiwa pudre kichwani mpaka anakuwa mweupe kama mufuko wa unga. Na ubaoni kuko listi: jina, asilimia, satisfaksyo ao distinksyo. Kila mutu anaweza kuisoma, hata jirani mwenye hajawahi kukusalimia. Kisha siku mbili pudre imeoshwa. Kisha mwezi moja ule ubao umebandikwa tangazo la minerval ya mwaka unaofuata. Na wewe? Hakuna ubao wenye unasema wewe uko wapi. Hakuna listi yenye inaonyesha: huyu alipata kazi, huyu anafanya staji bila mwisho, huyu anauza unite kwenye kabini, huyu alivuka Kasindi na hatujui aliko.

Hiyo listi ya pili ndiyo ilituleta hapa leo. Tunataka iwepo. Na tunataka iandikwe na mutu mwenye hana faida ya kuipamba.

Lakini kwanza tuseme juu ya staji, sababu kesho kutwa munaanza kuzunguka na zile barua.

Munajua namna inaendaka. Sekretaria ya fakilte inakupatia barua moja, ile ile kwa wote, jina tu ndilo linabadilika. Unapiga kopi kumi. Unavaa shati yako nzuri, unaanza kugonga milango: banki, koperative za akiba na mukopo, kampuni za simu, ofisi za kodi, depo za wafanyabiashara wetu, ma-ajensi ya dwane ku Kasindi, wanunuzi wa kakao na kahawa. Mlinzi anachukua barua, anaiweka juu ya zingine. Unarudi kisha juma. Unarudi tena. Mwishoni kuna mutu nyumbani anakumbuka kama mujomba wa jirani anafanya kazi pale, na barua yako inatoka chini inakuja juu. Tunaiita branchement na tunacheka, lakini tuwe wakweli: karibu kila mutu mwenye tulizungumza naye alipata staji yake kwa njia hiyo. Mwenye hana mujomba anaenda kufanya staji pale pa mwisho, pale hakuna mutu alitaka.

Halafu unaingia. Unafanya nini? Tulizunguka miezi kadhaa tukiuliza wakubwa wetu wenye walimaliza miaka iliyopita, tukaandika katika daftari, na jibu lenye lilirudi zaidi lilikuwa moja: kuhesabu katoni. Kupiga kopi, kupeleka bahasha, kufagia asubui, kuhesabu katoni. Mutu alisoma miaka mitatu, anajua plan ya hesabu ya SYSCOHADA, anajua mizani na jedwali la faida na hasara, na kwa juma sita hakuona hata ukurasa moja wa kitabu cha hesabu.

Hapa tunapashwa kusema neno moja juu ya muji wetu, na hatulisemi kwa kuchokoza. Butembo imejengwa na wafanyabiashara. Wanatoa mali Dubai na China, inapita Mombasa, Kampala, inaingia Kasindi, na hiyo kazi waliifanya bila serkali kuwashika mukono, wakati mwingine serkali ikiwavuta miguu. Waliifanya kwa jamaa na kwa uaminifu. Sasa mutu wa namna ile, ukimwambia amufungulie mutoto wa wengine kitabu chake cha ndani, anaogopa. Anajiuliza: huyu kesho atakaa wapi, ku ofisi ya kodi? Tunaelewa woga wake. Mahali kwenye kila huduma ya Serikali inakuja na karatasi yake na bei yake, kuficha hesabu inakuwa namna ya kuishi. Lakini matokeo yake yanaanguka juu ya mwanafunzi. Patron anamuweka mlangoni na kalamu ahesabu katoni, na ripoti ya staji inapashwa bado kuandikwa.

Basi anaiandika. Anatafuta ripoti ya mwaka uliopita, anabadilisha jina la kampuni na tarehe. Takwimu anazitoa kichwani. TFC nayo inajengwa juu ya ile ripoti. Musimamizi anasoma mipaka ya ukurasa, anarekebisha nukta na mukato, jury inatoa pointi, na siku ya pudre inafika. Wote wanajua. Musimamizi anajua, jury inajua, wewe unajua. Tuko na wenzetu ndani ya harakati wenye walifanya hivyo, na hawako mbali na hii mikro.

Wakati unaenda kuomba kazi, mutu anakuuliza: wakati wa staji ulifunga hesabu za mwezi namna gani, shida gani uliona? Unanyamaza. Hapo ndipo ile staji ya uongo inalipwa. Fakilte haikulipa, patron hakulipa. Ni wewe.

Kuna mambo mabaya kuliko katoni. Kuna mahali wanauliza pesa ili wakupokee: ya kukaribisha, ya kashe kwenye karatasi ya mwisho, ya mutu atakayetia pointi. Mwenzetu moja alituonyesha ujumbe ndani ya simu yake: "Tuma dola 20 kwa ile namba, kisha uje uchukue karatasi." Alituma. Tulimuuliza sababu gani hakukataa. Alituambia: ningekataa, ningerudia mwaka, na mwaka unakula zaidi ya dola 20. Hesabu yake ilikuwa sawa, na ndiyo maana huo mchezo unaendelea. Kila mutu peke yake akipiga hesabu, anaona ni afazali kulipa.

Na dada zetu. Hapa tutasema polepole. Dada hawatoki staji na habari sawa na zetu. Musimamizi anapiga simu saa tatu usiku. Anaomba mukutane mahali pengine "tuangalie ripoti". Anatia ao hatii kashe kulingana na jibu. Mujue basi: sheria ya 20 Julai 2006 juu ya makosa ya ubakaji na unyanyasaji wa kimwili inaazibu pia mutu mwenye anatumia cheo chake kusumbua mwengine kwa mambo ya mwili. Kodi ya kazi nayo inaita hiyo kosa zito kwa upande wa muajiri. Tunajua sheria peke yake haitakaa na wewe ndani ya ile ofisi. Kwa hiyo tunaomba kitu kidogo chenye kinawezekana: usifute ujumbe. Hata ule unakuletea haya. Usiufute, upige picha ya skrini, uitume kwa mutu moja unayemuamini. Dada wawili wa kikundi chetu ndio wanapokea hizo habari, mwanaume hana ruhusa ya kuziona, na hakuna jina litatoka bila mwenye jina kukubali.

Sasa tuje kwa wale wamemaliza. Wako wengi hapa, wamekaa pale nyuma, wanajifanya walikuja kusindikiza wadogo zao.

Kuna staji ya masomo na kuna kile watu wanaita staji profesionali. Tusichanganye. Ile ya masomo, ya juma sita ao miezi miwili, hatutawadanganya eti patron anapashwa kukulipa mushahara. Uko mwanafunzi, ulitumwa na shule. Tunaweza kumuomba akupe pesa ya moto na chakula, na wengine wanaitoa kwa moyo mwema, tunawashukuru. Tatizo liko kwa ile ya pili. Mutu ana diplome, anafika saa moja na nusu asubui, anafunga saa kumi na moja, anashika kesi, anapokea wateja, akikosa franga jioni anailipa mwenyewe. Na anaitwa stajeri. Mwaka moja. Miaka miwili. Ukimuuliza mushahara anasema "wananisaidia". Ukimuuliza kontra anasema "walisema inakuja".

Soma Kodi ya kazi, kamaradi. Ni sheria namba 015/2002 ya 16 Oktoba 2002, ilirekebishwa mwaka 2016. Iko kwa simu, inashuka kwa mega kidogo kuliko video moja. Inasema nini juu yako? Inasema kipindi cha kujaribu mufanyakazi kinapashwa kuandikwa, na hakiwezi kupita mwezi moja kwa mwenye kazi isiyo na ufundi, wala miezi sita kwa wengine wote. Ukiendelea kutumika kisha hapo, umekubaliwa kazini, hata kama hakuna mutu alikuambia. Inasema pia kontra inapashwa kuwa ya maandishi, na ikikosa maandishi, sheria inahesabu kama uliajiriwa kwa muda usio na mwisho, mpaka yule anayekana alete ushuhuda. Kusoma hivi kulitushangaza hata sisi. Tulikuwa tunafikiri mwenye hana karatasi hana kitu. Kumbe karatasi ikikosekana, deni liko upande wa patron.

Lakini utaonyesha namna gani kama ulitumika? Hapo wengi wanapoteza. Kwa hiyo, tangu siku ya kwanza, uwe na daftari ndogo: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kazi gani, nani alikutuma. Pesa yoyote wanakutumia kwa simu, usifute mesaji ya Airtel Money ao M-Pesa ao Orange Money. Faktire zenye ulitia sahihi, piga picha pale inaruhusiwa. Usiibe siri za kampuni, utajiharibia bure. Na daftari hiyo unaipeleka kwa inspeksyo ya kazi. Ndiyo, tunasikia muko mnacheka. Munasema inspekta atakula na patron. Inawezekana. Lakini malalamiko ya maandishi, yenye akize de resepsyo, na kikundi cha watu kumi wenye wanaisindikiza, siyo sawa na mutu moja kulia mlangoni.

Juu ya mushahara, tuseme pia. Mushahara wa chini wa taifa uliowekwa mwaka 2018 ulikuwa franga 7.075 kwa siku, na mwaka 2025 Serikali iliupandisha. Fanya hesabu wewe mwenyewe, ulisomea hiyo. Chukua ile "wananisaidia" ugawe kwa siku zenye ulitumika. Tulipofanya hiyo hesabu na wenzetu chini ya muembe fulani, walikuwa watano, hakuna hata moja alifika hizo 7.075 za zamani. Tano siyo utafiti, tunajua. Lakini walikuwa watano wenye kutumika sehemu tano mbalimbali.

Kuna shida nyingine, ya karatasi yenyewe. Zamani ulifanya miaka mitatu ukapata graduat, ukaongeza miwili ukapata licence. Tangu LMD ilienea katika vyuo vyote, kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, miaka mitatu inaitwa licence. Ni sawa, inchi nyingi ziko hivyo. Lakini nani alieleza waajiri? Tangazo la kazi linasema "licence, miaka mitano kisha diplome d'Etat". Kijana wa LMD anapeleka faili, wanamwambia wewe uko na graduat yenye jina kubwa. Mukubwa wake mwenye graduat ya zamani naye anaambiwa hiyo haipo tena. Wote wawili wanarudi nyumbani. Barua moja ya wizara kwa waajiri, yenye inaeleza sawasawa nini inalingana na nini, ingefungua milango mingi bila kugharimu kitu. Tumeiomba kwa maandishi. Tunangoja.

Na matangazo ya ma-ONG, tuyapite haraka, sababu kila mutu hapa anayajua: wanatafuta mutu wa miaka 25 mwenye miaka mitano ya uzoefu. Na ukibahatika kuingia, kuna pahali mutu mwenye alikuingiza anangojea kipande cha mushahara wako kila mwezi. Operesheni retour, jina linajulikana mpaka Kinshasa. Mwenye analipa hiyo, aje tuzungumze pembeni, hatutamucheka.

Sasa, kwa haya yote, wakubwa wetu wa vyuo wanajibu nini? Tulienda kuwaona. Hatukupokelewa vibaya, tuseme ukweli, tulipewa hata viti na soda. Mukubwa moja wa fakilte alitueleza: iniversite siyo ofisi ya kutafutia watu kazi, sisi tunafundisha, kazi ni mambo ya Serikali na ya vita. Tulikaa na hilo jibu siku nyingi, sababu lina ukweli ndani. Ni nani anaweza kuajiri, wakati barabara ya Beni–Kasindi watu wanachomwa ndani ya magari, wakati njia ya Goma imekatika, na tangu Goma ilianguka Januari 2025 banki kule zilifunga na wenzetu wa kule walipoteza kazi kwa siku moja? Hatuwezi kumubebesha dwayeni mzigo wa ADF na M23.

Lakini mwezi wa tisa, huyo huyo anatuma tangazo redioni: njooni kwetu, fakilte yenye inajibu mahitaji ya soko la kazi. Mama anasikiliza kule Lubero, anauza ng'ombe. Papa anaweka parsele rehani kwa koperative. Basi tulimurudia tukamwambia, kwa heshima: papa, ukitaka kusema kazi siyo mambo yako, tunakubali, lakini uitoe katika tangazo. Ukiiacha katika tangazo, utuonyeshe listi. Alicheka. Kisha akanyamaza. Kisha akasema tuandike barua. Tuliandika, na kopi yake iko pale mezani, munaweza kuisoma.

Tunaomba nini ndani? Tunaomba kila fakilte ya biashara ya muji huu iandike, kisha miezi sita na kisha mwaka moja, kila mutu wa promosyo aliko. Siyo kusema tu "anafanya kazi". Kazi gani, inalipwa ao hailipwi, iko na kontra ao hapana, aliipata kwa njia gani: konkuru, jamaa, kanisa, patron wa staji. Wanaume mbali na wanawake mbali. Bila majina ya watu, hesabu tu, ibandikwe ubao ule ule wa matokeo, kabla ya watu kulipa minerval. Staji vilevile: ni wangapi walipata mahali kwa barua ya fakilte na wangapi kwa mujomba, wangapi waliona kitabu cha hesabu, wangapi walilipishwa.

Na hapa muwe na akili, sababu listi inaweza kudanganya bila mutu kusema uongo. Ukituma swali ndani ya grupu ya WhatsApp ya promosyo, "nani alipata kazi?", nani atajibu? Mwenye alipata. Anaweka picha na badge shingoni, wengine wanaweka mikono ya kupiga makofi. Wale wengine wanasoma, wanazima simu. Wengine walitoka ndani ya grupu zamani juu ya haya. Ukihesabu wenye walijibu tu, utapata promosyo yote iko kazini, na fakilte itapeleka hiyo redioni. Kwa hiyo hesabu inapashwa kuanza na listi ya deliberasyo, jina kwa jina, na mwenye hakujibu aandikwe: hajulikani. Hilo neno "hajulikani" liwe na mustari wake kwenye ubao. Pengine ndio utakuwa mrefu kuliko yote.

Kitu kingine. Watasema: lakini kijana wenu mwenye kabini anafanya kazi, tumuhesabu, ni mujasiriamali. Hapo hata ndani yetu hatukukubaliana, tulizozana mpaka usiku. Hatuzarau kabini. Wengine wetu tunakula kwa kabini, na mutu mwenye anashika pesa ya watu siku nzima chini ya parasol bila kukosea anajua kontabilite kuliko wengi wenye tai. Wengine wananunua kakao kidogo kidogo, wengine wanafundisha shule ya msingi bila mushahara, wanaitwa unite mpya na wanangoja kulipwa. Mwishoni tuliamua: wahesabiwe, lakini kwa mustari wao, na waulizwe swali moja: ungehitaji hiyo diplome kwa kufanya hii kazi? Jibu lao liandikwe vile vile.

Na wale wanaotaka kweli kuanzisha kitu chao, kuna milango yenye fakilte inafundisha kwa mutihani halafu hakuna mutu anaitumia. Inchi yetu iko ndani ya OHADA tangu 2012. Sheria ya OHADA inakubali mufanyabiashara mudogo aitwaye antreprenan: anajitangaza tu kwa RCCM, bila kulipa hiyo deklarasyo, na anapata namba. Kuna pia sheria ya 8 Septemba 2022 juu ya ujasiriamali na startapu. Tatizo haliko kwa maandishi. Liko siku ya pili, wakati watu wa taxe wanafika wanne, kila moja na kitabu chake cha risiti, na koperative inakuomba karatasi ya parsele ndio ikukopeshe dola mia mbili. Kijana wa miaka 22 ana parsele wapi? Tukisikia mukubwa anasema "vijana mujiajiri", tunamuomba kwanza atuambie zile taxe nne anazipunguza siku gani.

ONEM iko tangu 2002, kazi yake ni kuunganisha mwenye kutafuta kazi na mwenye kutafuta mufanyakazi. INPP iko tangu 1964, waajiri wanailipia ili ifundishe watu kazi za mikono na za ofisi. Hizi ni nyumba zetu. Mujiandikishe. Siyo juu tunaamini watapiga simu kesho, hapana. Ni juu hesabu ya watu wasio na kazi inayoonekana ofisini ni ndogo wakati sisi wote tunalalamika barazani. Katiba ya 2006, kifungu 36, inasema kazi ni haki ya kila Mukongomani na Serikali inapashwa kumulinda asikose kazi. Mwenye hajaandikwa popote, Serikali inasema hayupo.

Tuseme pia makosa yetu, kabla ya mutu kutuuliza. Mara ya kwanza tuliposhika hili jambo, tulienda kukaa mbele ya mlango wa banki moja tukidai waajiri vijana wa muji. Tuliondolewa upesi, tangu hali ya etat de siège ya Mei 2021 munajua namna mikutano ya barabarani inaangaliwa. Lakini kosa siyo kuondolewa. Kosa ni kwamba tulimudai mutu mwenye hana nafasi, bila hata hesabu moja mukononi. Meneja alituuliza: munataka niajiri wangapi, na ni nani? Hatukujua. Tulirudi na bango letu.

Na kosa la pili linauma zaidi. Kuna wenzetu, siyo wengi lakini wako, wenye walitumia harakati kama branchement. Walipiga kelele mpaka mukubwa fulani akawaita, wakapata kiti, simu zao zikazima. Hatuwakatazi kula. Lakini tangu hapo tumeamua: mutu wa harakati akipata kazi ao staji kwa njia ya mutu tuliyekuwa tunamudai, anatuambia mbele ya wote, na anaacha kusema kwa jina letu juu ya mutu huyo. Mukituona tunavunja hiyo, mutupigie kelele.

Basi, mambo ya kufanya. Kila CP wa promosyo mwenye yuko hapa, tunakuomba ubaki dakika kumi. Tunakupa daftari moja yenye mistari imechorwa tayari, na kopi ya listi ya deliberasyo ya mwaka uliopita. Unatafuta wale watu, unapiga simu, unaenda nyumbani kama simu haipiti. Usiandike jina mahali pa jibu, andika namba tu. Listi ya majina na namba inabaki kwako, haiji kwetu, haiendi ku fakilte. Munayo mpaka mwisho wa mwezi. Wenye kuanza staji juma lijalo, chukueni zile daftari ndogo za buluu, moja kila mutu, ziko bure, mama moja wa soko ndiye alitununulia na hakutaka tutaje jina lake. Siku ya posho ya kwanza ya kila mwezi, saa nane, tunakutana hapa hapa tunasomeana. Mwenye patron wake alimufungulia kitabu cha hesabu, aje aseme pia, tunataka kumushukuru huyo patron, na kama anakubali, kumupelekea barua za wengine.

Sasa tunafunga mikro upande wetu. Dada ule wa pale nyuma, mwenye kitambaa cha njano, uliinua mukono tangu tulipoongea juu ya miezi sita. Anza wewe.